Glasi Kumi na Mbili za Baba

Ghorofa ya tatu, mlango namba tisa,
Jumapili, tarehe 12 Machi.

Mpendwa kaka yangu Profesa,

Pokea salamu zangu, na za Baba ambaye amelala hapa pembeni na hajui kama nakuandikia. U hali gani huko? Wifi yangu hajambo? Na wale watoto wangu wawili, wameacha kupigana au bado wanagombea upande wa dirisha? Mgongo wako je, umepona, au bado unatembea kama mtu aliyemeza ufagio? Nijibu hayo yote, usije ukaniandikia mistari miwili kama risiti.

Sisi hatujambo kiasi. Mimi ni mzima, ila nina uchovu ule ambao hata ukilala unaamka nao. Baba ana nafuu kuliko wiki iliyopita. Usifurahi haraka, soma kwanza mpaka mwisho.

Najua utashangaa kupata barua wakati simu zipo. Sababu yenyewe ni kwamba kila ukipiga, Baba yuko hatua mbili kutoka nilipo, na nyumba yetu unaijua: ukikohoa jikoni, aliye kitandani anakuambia pole. Siwezi kukuambia ninayotaka kukuambia huku ananitazama mdomo. Kwa hiyo barua hii nampa jirani yetu dereva wa lori, kesho anakuja huko kwenu. Akifika mpe hata chai, maana njia ni ndefu na yeye ana aibu ya kuomba.

Unakumbuka nilikueleza kwamba tangu Baba alipokatwa utumbo mwaka jana, choo chake kinatokea tumboni na kuingia kwenye mfuko. Ulisema "sawa, sawa" kwa ile sauti yako ya mtu anayetafuta mlango wa kutokea, nikaacha. Sasa utanisikiliza, maana karatasi huwezi kuikatia simu.

Maji matupu hayamsaidii Baba. Yanapita moja kwa moja mpaka mfukoni, tena yanaondoka na chumvi ya mwili, hivyo akinywa mengi ndivyo anavyozidi kukauka. Yule muuguzi anayeshughulikia wagonjwa wa mifuko alinieleza mara tatu ndipo ikaniingia. Glasi moja ya maji kwa siku, basi. Vingine vyote anavyokunywa lazima viwe na chumvi na sukari kwa kipimo. Wakatupa dawa ya unga, ile ya pakiti. Akainywa siku mbili, ya tatu akafunga mdomo kama mtoto aliyechoshwa na uji. Alisema amefanya kazi ya kutengeneza saa za watu miaka arobaini, hawezi kumaliza uzee wake akinywa maji ya bahari.

Basi mimi na yule muuguzi tukatengeneza kinywaji chetu, yeye akipima, mimi nikionja. Nakuandikia jinsi kinavyotengenezwa, na usiruke mstari, nina sababu yangu.

Chukua dafu moja, maji yake tu, nyama ule wewe. Vipande viwili vya nanasi lililoiva, si lile lililoanza kulegea chini ambalo muuzaji anakugeuzia upande mzuri. Pasheni mbili. Nanasi lisage na glasi moja ya maji yaliyochemshwa yakapoa. Pasheni usizisage, zikoroge kwa kijiko, la sivyo mbegu zinavunjika na kinywaji kinakuwa kichungu, na hapo Baba atakuuliza umejifunzia wapi upishi. Chuja kwa chujio, kisha chuja tena kwa kitambaa safi, maana uzi mmoja wa nanasi ukiziba pale tumboni, ni hospitali moja kwa moja. Changanya na maji ya dafu, ongeza maji yaliyochemshwa mpaka kifike lita moja. Chumvi nusu kijiko cha chai, pitisha kisu juu yake iwe sawasawa. Sukari vijiko vinne vidogo, na usijitie huruma ukaongeza, sukari ikizidi mfuko unajaa upesi.

Anahitaji glasi nane kwa siku. Kwa hiyo unatengeneza asubuhi, unatengeneza tena mchana. Usitengeneze cha kesho. Hapo ndipo nilipoharibu mimi, na nitakusimulia.

Sasa fikiria siku yangu ilivyo. Asubuhi nateremka ngazi hamsini na nne kumuwahi muuza madafu kabla hajauza makubwa. Napanda. Nasaga, nachuja, nachuja. Namwaga mfuko, naosha. Glasi ya kwanza, glasi ya pili. Mchana nasaga, nachuja, nachuja. Kati ya glasi na glasi nina saa moja na nusu, nayo haitoshi kwenda popote na kurudi. Tangu Agosti mpaka mwezi uliopita sikuwa nimevuka barabara kubwa. Meza yangu ya kukatia vitambaa imejaa dawa na vifuko, na wateja wamenihama mmoja mmoja, hata yule mke wa mchungaji aliyekuwa akiniapia kwamba hakuna mwingine atakayegusa nguo zake.

Nampenda Baba, usinielewe vibaya. Lakini kuna saa nasimama kwenye dirisha la jikoni na chujio mkononi, naona watu wanapita chini, na hata anayekwenda kununua kiberiti tu namwonea wivu. Nimefungwa, kaka. Nimetafuta neno lenye adabu zaidi, sijaliona.

Mwezi uliopita ikaja nafasi. Kile kiwanda kikubwa kinachoshona sare za wauguzi, kilichoko safari ya siku nzima kutoka hapa, kilikuwa kinatafuta mkuu wa chumba cha kukatia. Rafiki yangu anayeshona pale alinitaja. Wakaniita nikakate mbele yao siku moja, Jumatano, waone mkono wangu. Siku ya kwenda, siku ya kukata, siku ya kurudi. Siku tatu tu, na kwangu zilikuwa kama kuambiwa niende nchi nyingine.

Nikamuomba Shangazi aje akae na Baba. Unamjua dada yake Baba: alisimamia mitihani ya shule miaka ishirini na sita, na hajaacha kusimamia mpaka leo. Kusaga na kuchuja alisema hawezi, mikono yake inatetemeka, akikosea chumvi nani atabeba lawama. Basi Jumatatu jioni nikatengeneza cha siku zote tatu, nikajaza madumu, nikapanga kwenye friji. Na nikafanya jambo ambalo nimelifanya kila siku tangu Agosti: nikagawa kinywaji cha jana kilichobaki, nikakimimina ndani ya kipya. Baba anapenda hivyo. Anasema kipya kitupu kina ladha ya haraka, lazima kikae na mkubwa wake kidogo.

Nikaandika na karatasi, nikaibandika mlangoni mwa friji kwa herufi kubwa: GLASI NANE KWA SIKU. MAJI GLASI MOJA TU. ASIPEWE KITU KINGINE CHOCHOTE. Chini yake nikachora visanduku vya kuweka alama. Nilijiona nimemaliza kila kitu.

Jumanne nilipokuwa njiani umeme ukakatika, haukurudi mpaka Alhamisi. Shangazi hakunipigia kuniambia, kwa sababu karatasi haikusema lolote kuhusu umeme.

Mimi huku Jumatano nikakata. Tabaka arobaini za kitambaa, kola, mikono, mifuko ya vifuani, bila hata moja kwenda upande. Yule mama mkuu wa kiwanda alipitisha kidole kwenye ukingo akasema nianze tarehe moja Aprili. Kaka, nililala kwenye nyumba ya wageni nikicheka peke yangu kama mwendawazimu.

Alhamisi alasiri nafungua mlango, namkuta Baba yuko chini kati ya kitanda na kiti. Midomo imepasuka, macho yameingia ndani, ananitazama hanijui. Shangazi amepiga magoti anampepea kwa karatasi ile ile ya kwenye friji. Akawa ananionyesha, "Mwanangu, zote amekunywa, tazama, zote nimeweka alama." Na kweli visanduku vilikuwa vimejaa alama, nane, nane, na nne za siku ile.

Hospitali wakamtundikia dripu. Daktari akaniuliza kama nina hakika amekuwa akinywa, nikamwonyesha karatasi, akatikisa kichwa. Mtu aliyekunywa vile hakauki vile. Wakaanza kunitajia mambo ya figo, ya utumbo kuoza, roho yangu ikawa mkononi. Usiku na mchana nilijilaumu bila kujua najilaumu kwa lipi. Shangazi alikuwa kwenye benchi la korido akilia na kurudia kwamba hakukosea hata glasi moja.

Jumamosi ndipo Baba alipopata sauti. Akamtuma Shangazi akamtafutie kitana, kusudi tubaki wawili. Akaniambia, "Kile kinywaji kilikuwa kimeshakuwa pombe, mama."

Jumatano asubuhi alimeza funda moja akajua. Wewe na mimi tunaijua pua ya Baba na ulimi wake. Kilikuwa kimechacha vizuri, friji imekuwa kabati, na yale mabaki niliyomimina yalifanya kazi ya hamira. Aliniambia funda la pili lilikuwa linajiendea lenyewe, mkono wake aliuona unainuka kama si wake. Akashusha glasi. Shangazi alipokwenda jikoni, akaimwaga kwenye ndoo tunayomwagia mfuko, akafunika. Shangazi aliporudi akaona glasi tupu, akaweka alama. Baada ya saa moja na nusu, glasi nyingine ikaja. Alimwambia Shangazi aliondoe dumu alilolileta chumbani, lina harufu. Shangazi hajaonja pombe maishani mwake, kwake ile ilikuwa harufu ya nanasi tu, akalisogeza karibu zaidi na kitanda ili asilisahau. Aliomba maji. Akapewa ile glasi moja iliyoandikwa.

Glasi kumi na mbili, kaka. Nane za Jumatano na nne za Alhamisi. Kila moja aliishika mkononi, akainusa, akaimwaga. Yule Baba.

Najua unachofikiria, kwa sababu nami nilikuwepo. Sijasahau wewe na mimi kwenda kumtoa kwenye vilabu, wewe umeshika kichwa, mimi miguu. Sijasahau saa ya mteja aliyoiuza, wala sahani ya Mama aliyoivunja kwa ulevi. Ulipoondoka ukiwa na miaka ishirini na mbili nilijua hukimbilii kazi, unamkimbia yeye, na sikukulaumu hata siku moja. Lakini huu ni mwaka wa tisa hajagusa. Wewe umebaki na baba wa zamani, umemfungia humo kifuani mwako unampiga kila siku. Mimi naishi na huyu. Huyu alikauka mpaka akaanguka, na pombe iko hatua moja kutoka mkononi mwake, na hakuna aliyekuwa akimtazama.

Nikamuuliza mbona hakumwambia Shangazi. Akasema, "Angekupigia simu. Ungerudi." Akageuza uso kama mtu aliyeulizwa saa ngapi akajibu.

Nililia pale pale, tena kwa sauti, mpaka mgonjwa wa kitanda cha pili akaniuliza kama amefariki. Nilikuwa na hasira, nataka kumtingisha. Nilikuwa nampenda mpaka kifua kinauma. Angenikatalia nisiende, ningekasirika, ningekwenda na moyo mweupe. Lakini mtu akikuachia uende kwa njia ile, unatokaje tena mlangoni?

Akaniuliza, "Wamekuchukua?" Nikamwambia hawakunichukua, wamemtaka mtu mwenye cheti. Uongo mtupu, nikautoa huku nimemshika mkono. Akafumba macho akasema, "Pole, mama. Ni kosa langu." Hapo nilitamani sakafu ya wodi ipasuke inimeze. Tulirudi nyumbani Jumatatu iliyofuata, akabebwa ngazi zote na jirani yetu dereva na mwenzake, na tangu siku hiyo kila akimaliza glasi ananiomba msamaha.

Kwa hiyo ukweli unaujua wewe peke yako. Wamenipa mpaka tarehe ishirini niwajibu. Wafanyakazi wanalala kwenye mabweni ya kiwanda, wanne wanne, hakuna namna ya kumpeleka mgonjwa. Sikuombi utume kitu, na ukinitumia chochote badala ya kuja wewe nitakurudishia kwa lori hilo hilo. Nilitaka uje umchukue, au ukae naye, au uniandikie waziwazi kwamba huji, nijue moja, niwajibu wale watu hapana na niache kulala na mkasi chini ya mto kama bibi harusi aliyeachwa. Hayo ndiyo niliyopanga kukuandikia, na barua ilikuwa iishie hapa.

Nimeacha kidogo nikampa Baba glasi yake ya saa tisa. Nakuandikia yaliyotokea yakiwa bado ya moto.

Aliniuliza naandika nini muda wote huu. Nikasema, "Namwandikia Profesa jinsi ya kutengeneza kinywaji chako." Akanywa taratibu, akafuta mdomo, akatazama dirisha. Kisha akasema, "Mwambie afike kabla ya tarehe moja."

Kaka, mimi sijamtajia tarehe yoyote.

Nilisimama na trei kama mwizi aliyewashiwa taa. Akasema juzi Ijumaa nilipoteremka kununua madafu simu yangu iliita, akaipokea. Alikuwa yule mama wa kiwandani, anataka kujua kama nimeamua. Baba akamwambia, "Mimi ni baba yake. Anakuja." Akamuuliza na chumba cha kukatia kama kina madirisha, akaambiwa yapo makubwa, akashukuru, akakata. Siku mbili amekaa nalo. Ameendelea kuniomba msamaha kila glasi huku anajua kila kitu, nadhani alikuwa ananisubiri niseme mwenyewe.

Nikaanza kubisha. Akaniambia niache kelele, yeye mwenyewe alikuwa hodari wa uongo na wangu haukuwa na miguu tangu hospitali. Kisha akalala, na sasa hivi anakoroma.

Basi neno limeshatoka, na mimi silirudishi. Tarehe thelathini na moja asubuhi napanda basi. Ukifika kabla ya hapo, hata kwa siku mbili, nitakuonyesha kwa mikono yako mwenyewe. Usipofika, atabaki na Shangazi na karatasi yake. Shangazi hatakosea hata alama moja. Lakini siku kitu kitakapoharibika, kinywaji kikichacha, mfuko ukivuja, kichwa kikianza kumzunguka, Baba hatasema. Nimemwona anavyofanya. Atanyamaza mpaka aanguke, ili mimi nisirudi. Mbele yako atasema, kwa sababu wewe hana haja ya kukulinda usirudi. Ulishaondoka zamani.

Msalimie sana wifi, mwambie gauni lake la bluu nilishalimaliza, nitakupa ukija ulichukue. Msalimie mkubwa na yule mdogo wangu Domokaya, waambie shangazi yao anawadai picha. Wasalimie na wakwe zako wote. Shangazi anakusalimia, ameshapona mafua ya kulia, ingawa karatasi ile bado anatembea nayo kwenye mkoba.

Mwenyezi Mungu akupe afya, ailainishe njia yako na moyo wako pia, na akufikishe ngazi hizi hamsini na nne salama.

Ni mimi dadako, ninayekupenda hata leo,
Mkasi.